Adabu ya Mwenye Kupita Jangwani Asubuhi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katikati ya nchi ya Omani liko bara pana la mawe liitwalo Jiddat al-Harasis. Mwenye kutoka kutembea huko baada ya sala ya alfajiri, katika majira ya ukungu, huona ajabu: mvua haikunya, na kanzu yake imelowa. Ni ukungu utokao baharini usiku, ukatua juu ya migunga na majani. Kwa maji hayo machache huishi viumbe wengi. Choroa mweupe, ambaye Waarabu humwita maha, hula majani yangali na umande. Joto likizidi, hujilaza kivulini. Na dhabu, yule mjusi mnene mwenye mkia wa miiba, hangoji ila jua limpashe ndipo atoke tunduni mwake.

Mwenye kutazama hayo hufahamu masomo ambayo mtoto wa chuoni huyahifadhi bila ya kuyaonja. Wanavyuoni wa Kishafi, katika mlango wa kustanji, wamekataza mtu kukojoa katika tundu la ardhi, na katika kivuli wakaapo watu. Mwanafunzi wa mjini, ambaye choo chake kina kuta nne, hudhani hayo ni ya kuhesabiwa tu siku ya mtihani! Lakini jangwani kila tundu lina mwenyewe, na mgunga mmoja ndio msafirikhana wa wapitao.

Na liko jambo zito kuliko hilo. Choroa ni nyama halali, na kuwinda ni ruhusa kwa asiyehirimia, nje ya Haramu. Basi wako walioshika neno hilo moja, wakawafuata choroa kwa motokaa na bunduki, hata mwaka 1972 wa mwisho wa mwituni akauawa pale pale. Mwaka 1982 walirudishwa wachache waliolelewa kwa kufugwa, na Waharasi wenyewe wakawa walinzi. Kufikia 1996 walikuwa 450. Kisha wakaingia wezi, wakiwakamata wazima wazima ili wawauze, hata ilipofika 2007 walihesabiwa 65. Mtume (s.a.w.) amehadharisha kuwa hata shomoro aliyeuawa bure atamshitaki aliyemwua mbele ya Mola wake. Ni nani basi atakayemjibu choroa?

Sheria imekwenda mbali zaidi kwa huyo mtembezi. Akiwa na maji ya kutawadhia tu, na mbele yake pana mnyama mwenye haki ya kuhifadhiwa anayekufa kwa kiu, hayo maji si ya udhu tena. Humnywesha mnyama, naye hupiga viganja vyake juu ya mchanga safi wenye vumbi, akapaka uso na mikono, akasali.