Aliyelipa, Je, Amemaliza Deni?



Mjini Los Angeles, huko Marekani, kuna mtaa uitwao Arts District. Zamani ulikuwa mtaa wa viwanda na maghala. Majumba yalipobaki matupu, wachoraji na wachongaji waliingia humo, na mwaka 1981 sheria ya mji iliwaruhusu kukaa mahali pa kazi yao. Leo mna mikahawa mingi. Katika mingine hakuna mtumishi anayekuja mezani. Mtu husimama mbele ya kaunta, hulipa, hungoja kuitwa, hupokea mkate wenye nyama ya kusaga, ndiyo hambaga, hula, huenda zake.

Njia hiyo ilipata nguvu mwaka 1948 huko San Bernardino. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, waliondoa watumishi waliopeleka chakula kwenye motokari, wakapunguza aina za vyakula, wakauza hambaga kwa senti 15. Hata baba mwenye mshahara mdogo aliweza kuwanunulia watoto wake. Ni jambo jema, tusilidharau.

Lakini twajiuliza: tukiisha kulipa, tuna deni gani tena kwa aliyetupikia? Wengine hujibu: hakuna. Tumetoa feza, tumepata chakula, haki imetimia.

Tuangalie vizuri. Tarehe 1 Februari 1960, mjini Greensboro, vijana wanne weusi, wanafunzi, waliingia katika duka la Woolworth. Walinunua vitu vidogo, na feza yao ikapokewa. Kisha waliketi kwenye kaunta ya chakula, wakaomba kahawa. Wakanyimwa, kwa sababu ya rangi yao. Hawakuondoka mpaka duka lilipofungwa, na kesho yake wakarudi pamoja na wenzao. Kaunta ile ilikubali kuwahudumia weusi mwezi wa Julai mwaka uleule.

Basi, feza ya mtu yaweza kupokewa, naye mwenyewe akakataliwa. Na sisi wanunuzi je? Tukimtupia mpishi feza bila kumtazama usoni, twafanya kosa la namna ileile, ila sisi tuko upande wa pili wa kaunta: twapokea kazi ya mikono yake, twamkataa mwenyewe.

Mwenye mkahawa naye asikie. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mapatano ya mshahara peke yake hayatoshi, kama mshahara huo haumtoshi mfanyakazi mwema kujilisha.

Mtu atasema: «Watu wengi wangoja nyuma yangu, nitaongea na mpishi saa ngapi?» Hatudai maongezi. Salamu na asante hazichelewishi mtu. Tuanze hapa kwetu, kwa mama anayetuuzia maandazi sokoni.

Tukumbuke tena: kila Jumapili twapokea Mkate ambao hakuna awezaye kuulipa. Aliyelishwa bure na Mungu hawezi kumwambia ndugu yake: «Nimekulipa, sikujui tena.»