Deni la Kitandani

Rafiki yangu kapata nafasi mbili za udaktari: Muhimbili na China. Mtaani wote wanamsukuma apande ndege. Eti ng'ambo ndiko kwenye mashine! Sawa, zipo. Mimi nauliza: atajifunzia mwili wa nani? Pale Muhimbili, wanakofunzwa madaktari tangu 1963, mama wa Mbagala analala kitandani, wanafunzi wanamzunguka, kila mmoja anambonyeza tumbo. Anavumilia. Hiyo nayo ni karo, na anailipa yeye. Wa China atabonyeza tumbo la Mchina, tena kwa lugha ya kuokoteza. Mbagala haimdai. Lakini huyu wa Muhimbili, akimaliza miaka mitano na ule mmoja wa mazoezi, kisha akakimbilia mshahara Botswana, yule mama tutamwambia nini?