Kuuza Usichokuwa Nacho: Biashara ya Siri na Mawe ya Kisii

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu aliyetuhalalishia biashara na kutuharimishia riba, na tunamtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu limeletwa suala ambalo tumeona si vema kulijibu kwa wachache waliohudhuria tu, kwani jambo lenyewe limeenea, na wanaoliingia ni vijana wetu wa pwani na wa bara pia. Suala lahusu vyombo vya mawe vichongwavyo Tabaka, katika kaunti ya Kisii, na ndizi zitokazo Kisii na Nyamira, vinavyouzwa kwa njia ya simu na intaneti na mtu ambaye vitu hivyo hanavyo, wala hakupata kuvitia mkononi. Wenye kazi hiyo huiita dropushipingi, na tuliyoulizwa khasa ni ile ifanywayo kwa siri. Je, yajuzu au haijuzu?

Kabla ya kulihukumu jambo yatupasa tulijue lilivyo. Tabaka ni mahali penye machimbo ya jiwe laini, jeupe, la waridi, la kijivu na rangi nyinginezo. Watu wa huko hulichimba, wakalikata kwa msumeno na panga, wakalichonga kwa kisu na patasi, kisha likasuguliwa kwa msasa na maji hata likang'aa. Wachongaji wengi ni wanaume. Kusugua na kuosha ni kazi ya wanawake zaidi. Hapo hutoka mabakuli, sahani, visanduku, vinara na sanamu za kila namna, zikapelekwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Mwenyeji wa Mombasa havihitaji kuelezwa vyombo hivi, maana huviona kila siku katika maduka ya watalii.

Sasa mtu hukaa chumbani kwake, awe Kisii mjini au Mombasa, akapewa picha za vyombo na mwenye ghala. Akazitundika katika duka lake la intaneti, akaliita jina alipendalo, akaandika bei. Mnunuzi akipendezwa hutuma fedha kwa M-Pesa, njia iliyoanza nchini mwetu 2007 na ambayo leo hata bibi kizee anaijua. Muuzaji akiisha kupokea elfu nne, humpelekea mwenye ghala elfu mbili, akamwagiza afunge mzigo na kuupeleka moja kwa moja kwa mnunuzi, juu yake likiwa jina la duka la intaneti, na jina la mwenye ghala lisionekane kabisa. Mnunuzi hajui kwamba aliyempa fedha hakupata kukigusa chombo hicho. Na mchongaji hajui chombo chake kimeuzwa kwa kiasi gani, wala kwa nani. Hiyo ndiyo siri yenyewe.

Twasema: hapa pana mambo mawili, na anayeyachanganya hapati jawabu. Jambo la kwanza ni kuuza kitu usichokuwa nacho. La pili ni kuficha.

Ama la kwanza, sharia imekwisha kulisema. Hakim bin Hizam alikuwa mfanyabiashara, akamweleza Mtume (s.a.w.) kwamba watu humjia wakitaka kununua kitu asicho nacho, naye huwauzia, kisha akaenda sokoni akakinunua. Mtume (s.a.w.) alimkataza asiuze asichokuwa nacho. Na atazame mwenye akili: Hakim hakuwa na simu wala intaneti, lakini biashara yake ndiyo hii hii ya vijana wetu, haikupungua wala kuzidi ila mwendo wa habari. Basi asije mtu akasema kwamba jambo hili ni jipya na fikihi haina neno juu yake.

Na kukatazwa huko hakukuwa bila ya maana. Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mji wa Kale anaoza binti yake, akaagiza sahani kumi na mbili za mawe za kuwekea halua na tambi. Fedha ametoa zote. Mzigo unafika kwa basi jioni ya kuamkia harusi, akiufungua sahani tano zimevunjika. Anampigia muuzaji, muuzaji asema, mimi sikuufunga mzigo. Amtafute nani aliyeufunga? Jina lake limefichwa. Watu wa basi wasema, tumeupokea umefungwa na tumeutoa umefungwa. Mama huyu fedha zake zimekwenda, wageni wako mlangoni, na hakuna hata mmoja anayesimama akasema: dhamana ni yangu. Lakini ile elfu mbili ya faida imekwisha kuingia katika simu ya mtu.

Hapa ndipo ilipo shina la suala lote. Sharia imefunga faida na dhamana pamoja. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kufaidi katika kitu ambacho khasara yake haiko juu yake. Mwenye kununua vyombo akaviweka, usiku vikiibiwa ni vyake vilivyoibiwa, vikivunjika ni vyake vilivyovunjika. Kwa ajili hiyo faida yake ni halali yake. Bali huyu anayetaka faida iwe yake, na kuvunjika kuwe kwa mwenye ghala, au kwa basi, au kwa mama wa harusi, amekitenga kilichounganishwa na Mtume.

Na katika chakula katazo ni dhahiri zaidi, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza anayenunua chakula asikiuze mpaka akipokee, na Ibn Abbas akaona kwamba vitu vingine vyote ni mfano wake. Basi anayeziuza Mombasa ndizi za Nyamira ambazo zingali katika shamba la mtu, au zimo lorini njiani kutoka Keroka na yeye hakupata kuzikabidhi, na ajiangalie. Na anayeuza mkungu ungali ua, hajui utazaa au utaangushwa na upepo, huyo amekusanya makatazo mawili, maana matunda hayauzwi mpaka kudhihiri kufaa kwake.

Ama jambo la pili, nalo ni siri, hapa lazima tuwe waadilifu tusiharimishe ambalo Mwenyezi Mungu hakuliharimisha. Si kila siri ni khiyana. Mwenye duka hapasiwi kumwambia kila anayeingia, nimenunua kwa fulani, kwa kiasi kadha. Hiyo ni siri ya kazi yake, na kila mfanyabiashara anayo. Akiwa chombo ni chake, amekikabidhi, na aibu yake ameieleza, basi kunyamaza kwake juu ya mahali alipokitoa si dhambi.

Siri huwa khiyana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kusema uwongo: mtu aandike, hii ni kazi ya karakana yetu, na karakana hana. Ya pili ni kuificha aibu ya kitu: sahani yenye ufa uliozibwa, au jiwe lililotiwa rangi likauzwa kwa jina la jiwe la asili. Mtume (s.a.w.) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, akakuta umajimaji, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wakauona, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi hakuwa pamoja naye. Ndugu zetu, picha ya intaneti ni juu ya rundo. Mnunuzi hana mkono wa kutia ndani. Basi uzito wa amana umezidi, haukupungua. Ya tatu ni kuificha nyuso ili dhamana isipatikane, kama ilivyokuwa kwa yule mama. Na hata serikali imeliona hilo, kwani Sheria ya Kenya ya kuwalinda watumiaji, ya 2012, ina sehemu ihusuyo mapatano ya intaneti, nayo yamtaka muuzaji amdhihirishie mnunuzi habari zipasazo kabla ya mapatano kufungwa. Je, Waislamu tungojee kufundishwa uaminifu na sheria ya bunge, nasi tuna Mtume aliyeitwa Al-Amin kabla hajapewa utume?

Lipo jingine ambalo wauliza suala hawakulitaja, na sisi twaliona kubwa kuliko yote. Ni haki ya mchongaji. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuzipokea njiani kafila ziletazo bidhaa kabla hazijafika sokoni, kwa kuwa mwenye bidhaa hajui bei ya mji, akapunjwa, na akampa mwenye bidhaa hiari ya kuvunja mauzo akifika sokoni na kuijua bei. Leo mchongaji wa Tabaka ni msafiri ambaye hafiki sokoni kabisa. Soko liko katika simu ya mtu mwingine. Kijana akimwambia, siku hizi vitu haviuziki, na yeye ameuza vitatu asubuhi ile ile, amemla mtu aliyeshinda katika vumbi la mawe, na mwanamke aliyeshinda mikono yake katika maji na msasa. Wala wasiseme baadhi yetu kwamba mchongaji huyo si Mwislamu. Uadilifu katika mizani haukuwekwa kwa ajili ya Waislamu peke yao, na dhulma ni dhulma aliyedhulumiwa akiwa nani.

Na tusisahau kwamba katika kazi za Tabaka zimo sanamu za watu na wanyama. Hizo Mwislamu asizifanyie biashara, kwa siri wala kwa dhahiri. Mabakuli, sahani, visanduku na vinara vyamtosha.

Twajua vijana watasema: Masheikh, mmetufungia mlango. Mtaji hatuna, huko Kisii na Nyamira mashamba yamegawanywa kwa urithi hata yamekuwa vipande, na huku pwani kazi hazipatikani, tule nini? Neno hili si la kudharauliwa. Lakini mlango haukufungwa. Milango iko minne, na yote ni mipana kuliko ule wa siri.

Mlango wa kwanza ni udalali wa wazi. Patana na mchongaji au mwenye ghala: mimi nitakutafutia wanunuzi, na ujira wangu ni kadha kwa kila chombo. Mnunuzi ajue kwamba wewe ni dalali na mwenye mali ni fulani. Hapo hukuuza usichokuwa nacho, umeuza kazi yako, na kazi yako unayo. Ila tahadhari: ukiwa wakili wa mtu, ziada usiifiche. Urwa al-Bariqi alipewa dinari na Mtume (s.a.w.) amnunulie mbuzi, akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarejea na mbuzi na dinari. Ziada aliirudisha kwa mwenye mali, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake.

Mlango wa pili ni kununua na kukabidhi kwanza. Wala si lazima uende Tabaka mwenyewe. Weka wakili wako huko, mtu mwaminifu asiyekuwa yule muuzaji, avitazame vyombo, avipokee kwa niaba yako, avitenge. Tangu hapo ni vyako, khasara yake ni yako, na faida yake ni halali yako. Anza na sahani sita. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina hana kitu aliomba aonyeshwe soko tu, akaanza na jibini na samli.

Mlango wa tatu ni kuagiza. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ni madhehebu ya wengi wetu hapa pwani, hawakuikubali salam katika vyombo vya mkono visivyolingana. Lakini Mahanafi wamejuzisha istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe kwa sifa, kipimo na bei zijulikanazo. Mwenye kushika njia hiyo na aseme wazi kwamba chombo bado kutengenezwa, na dhamana mpaka kifike ni juu yake mwenyewe.

Mlango wa nne ni mudharaba: mwenye mali atoe mali, kijana atoe kazi, na faida wagawane kwa fungu walilopatana. Kwa njia hii Mtume (s.a.w.) alisafiri na mali ya Bibi Khadija. Na hapa twawageukia matajiri wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu: ninyi mwamlaumu kijana kwa kuuza asichokuwa nacho, na mnacho kilicholala. Mkimpa mtaji kwa masharti ya sharia mtakuwa mmemtoa katika haramu, nanyi mkafaidi.

Ama simu na intaneti zenyewe hazina kosa. Baraza la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwezi wa Machi 1990 liliamua kwamba mapatano ya biashara kati ya watu wasiokuwa mahali pamoja, yakifanywa kwa vyombo vya kisasa vya mawasiliano, yasihi kwa masharti yake. Kilichokatazwa ni kile kile alichokatazwa Hakim bin Hizam, na ghushi ile ile iliyokuwa chini ya rundo la nafaka.

Basi jawabu letu kwa muulizaji ni hili: kuuza kitu khasa kabla ya kukimiliki na kukikabidhi haijuzu, iwe kwa siri au kwa wazi, na siri ikitiwa juu yake, dhambi huzidi. Aliyekwisha kuifanya kazi hiyo na aiache, na amrudishie haki yake kila aliyempunja, akianzia na wale waliopokea vitu vilivyovunjika. Kisha aingie kwa mlango mmojawapo katika hiyo minne, aandike jina lake la kweli juu ya mzigo, na chini yake aandike nambari ambayo akipigiwa ataipokea.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu riziki ya halali yenye baraka ijapokuwa chache, awape matajiri wetu mikono iliyokunjuka, na atuepushe sote na mali ambayo kesho hatutakuwa na la kusema tutakapoulizwa tuliichumaje. Amin.