Asiye na huruma asikabidhiwe fimbo

Hivi karibuni tutapanga mstari kuchagua viongozi wa RWC 1, kisha kamati ya kanisa. Kabla hatujasimama nyuma ya mtu, tujiulize: ni nani asiyefaa kabisa kupewa mamlaka, hata kama ana akili na maneno matamu?

Wataalamu wa akili wana jina la mtu anayedanganya bila haya, anayeumiza bila kujuta, ambaye machozi ya wenzake hayamgusi. Wanamwita saikopathi. Si mwenda wazimu. Mara nyingi ni mcheshi na hupendwa siku ya kwanza. Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada, alitunga orodha ya alama 20 za kumpima mtu wa aina hiyo. Wengine wanasema basi kila anayetaka uongozi apimwe. Sisi tunaona hatari hapo. Kipimo hicho ni cha waliokisomea. Tukikichukua sisi, kila mtu atamwita hasimu wake saikopathi, kama vile wazee wetu walivyonyooshewa kidole cha uchawi bila ushahidi.

Basi tufanyeje? Moyo hatuuoni, matendo tunayaona. Uganda inayotuhifadhi ililijua hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1962, kabla ya uhuru, ofisa mmoja wa jeshi, Idi Amin, alihusishwa na mauaji ya Waturkana kaskazini mwa Kenya. Gavana Mwingereza alitaka ashitakiwe. Waziri Mkuu Milton Obote aliona karipio linatosha. Amin akapanda cheo hadi kuwa mkuu wa jeshi, na tarehe 25 Januari 1971 akampindua Obote huyohuyo. Watu wengi wa Kampala walishangilia barabarani. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye pamoja na maaskofu wenzake alikuwa amepinga maovu ya serikali kwa barua, akauawa. Hatusemi Amin alikuwa na ugonjwa gani. Tunasema alama ilionekana mapema, ikapuuzwa.

Wapo kati yetu wanaosema: "Ukimbizini tunahitaji mtu mkali wa kutupigania ofisini." Tunawaelewa, maana mpole anayesukumwa huku na huku hatusaidii. Lakini ukali si ukatili. Mkali mwenye huruma humkabili mwenye nguvu. Katili huanza na mnyonge. Kijiji kimoja tulichokaa zamani tulimchagua mtu kwa sababu alimfokea karani kwa niaba yetu. Tulikuwa tumemwona pia akimsukuma mjane kwenye foleni ya maji, tukacheka. Mwaka haukuisha, majina ya wajane wawili yakatoka kwenye orodha ya mgao mpaka walipompa pesa. Kosa lilikuwa lake, lakini kura zilikuwa zetu.

Kwa hiyo tumwangalie mgombea anavyoishi na wale wasioweza kumlipa chochote: mtoto yatima, mlemavu, mtu wa kabila jingine. Je, alipokosa aliwahi kuomba msamaha? Je, waliofanya naye kazi zamani wanamsemaje akiwa hayupo?

Na kwa kuwa tunaweza kudanganyika hata tukichunguza, tusimwachie mtu yeyote fimbo peke yake. Muda wake wa uongozi uwe na mwisho. Pesa zishikwe na watu wawili, na hesabu zisomwe mbele ya wote. Orodha ya mgao ibandikwe mahali pa wazi. Mwenye malalamiko awe na mtu mwingine wa kumwendea, asilazimike kumshitaki mtu kwake mwenyewe. Kiongozi mwema hataona uchungu kwa masharti haya, kwa sababu yanamlinda yeye pia. Anayekasirika tukiyataja, tumwombee, lakini tusisimame nyuma yake.