Je, asiyeona akisikiliza mashine ameacha kuomba?



Kuna swali linalozunguka katika parokia zetu, na hatupendi libaki la kunong'onezana nyuma ya kanisa. Wengine kati ya ndugu zetu wasioona wameanza kutumia tableti na telefone zinazosema. Mtu anapitisha kidole juu ya kioo, na apareyi inamsomea barua, habari, hata Biblia. Basi watu wanauliza: huyu tuliyemwombea miaka yote, akijifunza mashine ya vipofu, je, si ni kusema kwamba amepatana na ugonjwa wake?

Hatutalicheka swali hili. Kanisa letu lilizaliwa katika uponyaji. Tarehe 6 Aprili 1921, kule Ngombe-Kinsuka, Papa Simon Kimbangu alimwekea mikono mama mgonjwa, naye akapona, na watu wakaacha mashamba na kazi za Wazungu wakaenda Nkamba kwa wingi. Anayeuliza hivi analinda kitu cha thamani. Lakini anakilinda vibaya, nasi tutasema kwa nini.

Kwanza tujue tunasema juu ya kitu gani. Wengi wanadhani ni apareyi ya pekee, ya bei kali, inayotoka ng'ambo kwa ajili ya vipofu tu. Sivyo. Uwezo huo umo ndani ya apareyi za kawaida tangu kiwandani, wala haulipiwi. Apple iliweka VoiceOver katika telefone yake mwaka 2009, na tableti yake ya kwanza ya mwaka 2010 ilitoka nayo. Mwaka ule ule wa 2009 Google ilitoa TalkBack kwa apareyi za Android, zile zinazojaa katika soko la Bunia. Kati ya mainjinia walioifanya kazi hiyo yumo T. V. Raman, naye mwenyewe haoni. Basi isisemwe kwamba ni huruma ya wenye macho.

Ndani ya Paramètres, penye neno Accessibilité, ndipo inapowashwa. Tangu hapo kidole kikigusa mara moja, kitu kinatajwa jina lake. Ukigonga mara mbili, kinafunguka. (Mtoto akiiwasha kwa kucheza, msikimbie kwa fundi mkisema telefone imeharibika. Haijaharibika.) Kwa mzee ambaye macho yamefifia tu, kuna kukuza herufi. Kwa asiyesikia, kuna programu inayoandika juu ya kioo maneno yanayosemwa mbele yake. Sauti ya lugha ikiisha kupakuliwa, kusoma hakudai intaneti. Kunadai batri, na hilo kwetu Bogoro ni shida ya kila mtu, mwenye macho na asiye na macho.

Sasa tufungue Kutoka, sura ya 4. Musa anamwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu anamkumbusha ni nani aliyeumba kinywa, ni nani anayemfanya mtu kuwa bubu, kiziwi, au kipofu. Tungengoja basi kwamba ataufungua ulimi ule palepale. Lakini Musa anapozidi kukataa, Mungu anamtaja Haruni ndugu yake, awe kinywa chake. Musa alikwenda mbele ya Farao na ulimi ule ule. Nani atathubutu kusema Musa hakuwa na imani kwa sababu alitumia kinywa kingine? Tena katika 1 Wafalme 14 kuna nabii Ahiya, ambaye macho yake yalikuwa yamepofuka kwa uzee. Mke wa Yeroboamu alikuja kwake akijigeuza, naye akamtambua kwa vishindo vya miguu mlangoni, kwa kuwa Bwana alikuwa amekwisha kusema naye. Mungu alisema na kipofu, akamwacha kipofu. Sisi tunaokiri karama ya unabii tungelisoma neno hili polepole.

Zaidi ya hayo, kanisa letu halikuishia kuwekea wagonjwa mikono. Lilijenga hospitali na vituo vya afya, na waamini wake wanaomba kitandani na kumeza dawa asubuhi. Hapa Ituri kwetu, upande wa Mahagi, watu wanapewa ivermektini juu ya ugonjwa wa upofu wa mito unaoletwa na inzi wadogo, nasi hatujamzuia mtu kuimeza. Yule anayevaa miwani akisoma zaburi madhabahuni hatujamwuliza habari ya imani yake. Kwa nini basi tumwulize yule anayesomewa na tableti?

Lakini kuna jambo jingine, na kwa hakika ndilo lililotusukuma kuandika. Mwanzo 27 inatuonyesha Isaka mzee, macho yamekwisha. Anauliza, anapapasa, anasikia sauti moja na kugusa mikono ya mwingine, na mwishoni anakubali anayoambiwa. Waliomdanganya hawakuwa wezi wa barabarani. Ni mke wake na mtoto wake, chini ya paa lake mwenyewe.

Asiyeona anayetegemea wengine anasomewa kile wanachotaka kumsomea. Feza zikitumwa kwa telefone, mtoto wa jirani ndiye anayejua namba ya siri. Na sisi wa Bogoro tunajua uzito wa makaratasi. Baada ya shambulio la tarehe 24 Februari 2003, korti ya La Haye ilimhukumu mtu mwaka 2014, na mwaka 2017 ikaamuru fidia kwa wahanga 297: dola 250 kwa kila mmoja kama alama, pamoja na misaada ya nyumba, ya masomo, ya kazi za kuleta mapato na ya kutuliza mioyo. Mambo mazito namna hii hufika kwa maandishi. Asiyeona akiambiwa atie kidole, anakitia juu ya neno la mwingine. Kumpa njia ya kusikia mwenyewe, kwa kidude cha sikioni, bila nyumba nzima kujua, ni kumrudishia haki ambayo Isaka alikosa.

Walawi 19:14 inakataza kumwekea kipofu kikwazo. Nasi tunakiweka kila juma. Tangazo la kanisa linaandikwa kwa kalamu, linapigwa picha, na picha inatumwa kwa WhatsApp. Mara nyingi mashine haisomi vizuri maneno yaliyo ndani ya picha. Pengine ndugu yetu anasikia neno "picha", basi. Tunaomba makatibu wa parokia waandike matangazo kwa herufi ndani ya ujumbe wenyewe.

Na wajukuu waliozoea kumsomea babu wasiseme sasa kwamba mashine imewapa ruhusa ya kwenda. Mashine itamsomea zaburi, lakini haitamshika mkono kumpeleka mtoni, wala haitamwuliza amelalaje.

Wanaotaka kuonyeshwa waje Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, na apareyi yenye batri iliyojaa.