Kibla Bila Simu



Hapa Mvara wengi wetu tunatafuta kibla kwa simu. Setilaiti huiambia simu ilipo, na dira iliyo ndani yake huonyesha upande. Simu isipopata setilaiti, au dira ikipotoshwa na nondo za jengo, tunaulizana: je, tuna udhuru, au tulipaswa kujua njia nyingine?

Imamu Shafi, aliyefariki mwaka 820, alitumia mfano huu huu wa kibla katika Risala kueleza maana ya ijtihadi. Aliye mbali na Al-Kaaba hakukalifishwa kuiona. Amekalifishwa kuitafuta kwa dalili alizopewa: jua, nyota, milima, pepo, na akili ya kuzisoma. Wawili wakijitahidi kisha wakatofautiana, kila mmoja ametimiza wajibu wake. Kwa hiyo udhuru ni wa aliyetafuta, si wa aliyekaa akingoja chaji.

Na dalili tunazo. Kutoka Mvara, elekea kaskazini, kisha geuka kulia nyuzi kama 24. Nyota ya kaskazini haitusaidii sana, kwani tuko nyuzi 3 tu juu ya ikweta, nayo hulala chini nyuma ya miti. Lakini zile nyota tatu za mkanda wa Orion huchomoza karibu mashariki kamili, na ukijua mashariki umejua kaskazini. Tena, kila mwaka tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na 15 au 16 Julai saa 6:27, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Saa yetu na ya Makka ni moja. Simika fimbo wima, simama kwenye ncha ya kivuli, tazama fimbo: hapo ndipo kibla.

Mwenzangu atasema simu nayo ni dalili. Ni kweli, wala siikatai. Lakini asiyeweza kuipima anaifuata tu, ikikosea, hatajua.

Wanazuoni walihesabu kujua dalili za kibla kuwa fardhi kifaya: wakijua wachache, wengine wamesalimika. Sisi tunaosoma fizikia na jiografia tujiulize: katika jumuiya yetu, wachache hao ni akina nani?

Wallahu aalam.