Nasaha kwa Wageni wa Upepo na Mawimbi

Ndugu yangu unayekuja Paje na kaiti begani, nawe uliyebeba ubao kutoka Nairobi, Dar es Salaam au ng'ambo ukifuata mawimbi, maneno haya ni yako. Ni ya mwalimu wa kaiti atakayekupokea pia, kwa kuwa mgeni hujifunza adabu za ufukwe kwa kumtazama yeye kabla hajamsikiliza.

Kwanza ujue umefika wapi. Pwani ya mashariki ya Unguja ina misimu miwili ya upepo: Kusi, Juni hadi Septemba, na Kaskazi, Desemba hadi Machi. Kati ya mwamba wa nje na mchanga kuna maji mapana ya kina kifupi, na hayo ndiyo yaliyowaleta wenye kaiti, wanaovutwa na upepo juu ya ubao. Lakini kabla ya kaiti kulikuwa na mwani. Kilimo chake kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Maji yakipwa siku za bamvua utawaona wameinama, wakifunga vipande vya mwani kwa vijikamba vya taitai kwenye kamba zilizovutwa baina ya vigingi. Maji yakijaa, mashamba yale hayaonekani tena, nawe unapita juu yake kwa kasi ukidhani ni bahari tupu. Ukiangusha kitu pale, umekiangusha mahali pa kazi ya mtu.

Ndiyo maana hunikera nikisikia mgeni akisema ameokota taka ili kuwasaidia wenyeji. Kuokota taka ya mchezo wako ni deni, na anayelipa deni hasubiri kushukuriwa. Wazee wa pwani husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anayebaki akizoa ulichoacha amepona nini?

Anza na vilivyo vyako. Watu wakisikia taka hufikiria chupa na mifuko, hali ya kuwa mchezo huu una taka zake ambazo hazitajwi. Iangalie kamba ya kaiti. Ni nyuzi za plastiki aina ya poliethilini, urefu wake mara nyingi mita 20 na zaidi, unene haufiki milimita 2, na ina nguvu ya kumvuta mtu mzima kutoka majini. Ikikatika, wapo wanaofunga mpya na kuiacha ile mbovu mchangani. Nayo haizami, huelea. Maji yakijaa huichukua mpaka mashambani, ikajizungusha kwenye vigingi na kuingiliana na taitai, na mama anayekuja kuvuna hukutana nayo vidoleni au kwenye kifundo cha mguu. Kasa akinaswa nayo hana mikono ya kujifungulia. Basi kamba ikikatika, izungushe kiganjani, ipige fundo, uitie mfukoni kabla hujashika kitu kingine. Wala usiikatekate ukidhani umepunguza madhara. Kamba ndefu angalau huonekana na kuokotwa; vipande vya kidole kimoja haviokotwi na mtu.

Na ubao vilevile. Ubao mwingi wa mawimbi ni povu la plastiki lililovikwa nyuzi za kioo na gundi iliyokauka ikawa ngumu. Ukivunjikia mwambani, povu hilo humeguka punje punje. Ni kweli umechoka na umepata hasara, lakini usitoke na kile kipande kikubwa tu ukaenda zako. Rudi utafute vilivyobaki maji yakingali yanakuruhusu. Nta ya kupaka ubaoni, ambayo nyingi hutokana na mafuta ghafi, ikwangulie nyumbani juu ya gazeti, si juu ya mchanga.

Mvuta sigara, nina neno nawe pia. Kile kichungi unachokiona kama pamba ni plastiki, na kukifukia mchangani ni kukificha kwa saa chache tu, mpaka maji yajae na kupwa. Tembea na kikopo chenye kifuniko.

Juu ya chupa na mifuko sitasema mengi, maana sheria imekwisha kusema. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kenya ikaongeza kwamba kuanzia tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja visiingie katika hifadhi zake, na hifadhi ya bahari ya Watamu ni mojawapo. Njoo na chupa yako ya chuma, uombe hotelini wakujazie kutoka kwenye mtungi mkubwa. Wakisema hawana mtungi, waombe tena kesho. Hoteli hubadilika kwa ajili ya mgeni anayelipa upesi kuliko kwa ajili ya jirani anayelalamika.

Wala usijidanganye kwamba ukishatia kitu katika pipa umemaliza. Kisiwa ni kidogo. Taka za Unguja zinazozolewa hupelekwa jaa la Kibele. Zisizozolewa huchomwa nyuma ya nyumba au huingia mashimoni, na upepo ule ule uliokuleta huzirudisha baharini. Taka iliyo nyepesi kuliko zote ni ile usiyokuja nayo. Maboksi na nailoni za vifaa vipya vibandue na uviache kwenu kabla hujapanda ndege.

Anayeona haya ni madogo atazame kisiwa cha Bali, Indonesia. Ufukwe wa Kuta, ambao umewapokea watelezaji wa mawimbi tangu miongo mingi iliyopita, hufunikwa na plastiki kila msimu wa mvua, hasa Desemba hadi Machi, pepo za magharibi zinaposukuma pwani kile ambacho mito imekimwaga baharini. Mwaka 2012 mpigapicha Zak Noyle alipiga picha kwenye kisiwa jirani cha Java: Dede Suryana, kijana wa Indonesia, yumo ndani ya wimbi zuri kabisa, na wimbi limejaa pakiti na makopo. Taka nyingi za namna hiyo hazitupwi na wageni ufukweni, na haki inataka tuliseme hilo. Lakini mgeni hula, hunywa na hununua vilivyofungwa pale pale alipofikia, na mabaki yake huingia kwenye mito hiyo hiyo.

Wapo wenye mchezo huu waliolielewa mapema. Kule Cornwall, Uingereza, mwaka 1990, watelezaji waliochoshwa na kuugua kwa sababu ya maji machafu ya vyoo waliunda chama cha Surfers Against Sewage, wakazidai kampuni za maji na serikali yao. Nakuomba uchukue kwao ule ujasiri wa kudai palipo na haki yako ya kudai. Hapa Paje haki yako iko kwa shule ya kaiti uliyoilipa na hoteli unayolala. Waulize taka zao huenda wapi.

Kwa wenyeji, nenda na adabu nyingine. Ukitaka kukusanya watu kusafisha ufukwe, mwendee kwanza sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, na kinamama wa mwani wajue siku na saa, kwani huenda kile unachokiona takataka ni kamba wanayoianika. Utakuta taitai zilizokatika mchangani, utakuta na nepi. Okota unachoweza, na hotuba ibaki moyoni. Mtoto wa kijiji aliyetupa karatasi ana wakubwa wake. Usimpige picha ameshika mfuko wa taka ili uionyeshe dunia wema wako. Mwenzako wa kaiti akitupa kitu, huyo ni wako: mvute pembeni, mwambie kwa upole, asiaibike mbele za watu. Sisi tuliopita chuo cha Kurani tumefundishwa tangu utotoni kuwa kuondoa kero njiani ni tawi la imani, japokuwa ndilo la chini kabisa katika matawi yake. Hatukuambiwa tupige mbiu.

Limebaki la siku ya kuondoka. Mabegi ni mazito, na kaiti iliyochanika inatamanisha kuachwa. Hapo ndipo wengi humwita kijana wa pale na kumkabidhi kama zawadi, naye kwa heshima hupokea na kushukuru, kwa kuwa mila haimruhusu kukataa cha mgeni. Kabla hujatoa, jiulize kama wewe ungeingia nayo majini kesho asubuhi. Kama ungeingia, mpe, na umpe na pampu yake. Kama inashoneka, mpelekee fundi cherehani na umlipe. Kitambaa kikiwa kimekwisha ila bado kina eneo zima la kushonea mkoba, muulize fundi kama anakihitaji, ukubali akisema hapana. Kilichobaki, pamoja na ubao uliovunjika, kamba kuukuu na vichupa vitupu vya mafuta ya jua, kifungashe urudi nacho kwenu, ukilipie uzito kama ulivyokilipia ulipokuja.